Kipupwe, bati na ngoma iliyolegea: mwongozo kamili wa wiki ya kazi ya muziki na watoto wenye mahitaji maalumu

Ukisoma wanayoandika wenzetu wa Ulaya wanaofanya kazi hii ya muziki maskulini utakuta wanalalamikia theluji, mahita, watoto wanaoingia na glovu mikono imekufa ganzi. Sie huku Pemba baridi ikikaza khasa, alfajiri ya Julai, ni digrii 22 hivi, mtu wa kule ukimwambia atavua shati. Lakini mtoto aliyezaliwa Wete mwili wake haujui habari hizo, kwake 22 na kusi linavuma na kaptura imelowa tangu nyumbani ni baridi kamili, na akikaa dakika kumi juu ya sakafu ya saruji kashajikunja kama jongoo. Na kinachotuadhibu zaidi si hizo digrii, ni unyevu. Masika inapiga Machi mpaka Mei, kuta zinakunywa maji, alafu Juni kusi limeshatulia mahali pake na kipupwe ndo hicho, ukidhani mvua imekwisha mvua ya mchoo nayo inachungulia. Na Pemba mvua tunapata nyingi kuliko Unguja. Basi ngozi za ngoma zinalegea, nyuzi zinashika kutu, watoto wanakohoa, na mwalimu sauti inakwenda.

Hivi ndo ninavyoipanga wiki yangu miezi hiyo, nimeandika hatua kwa hatua kwa mwalimu yeyote mwenye darasa la mjumuisho au kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, uwe na udi wa nyuzi wa malaki au uwe na ndoo na kijiti. Nnalolishikilia mie ni moja tu, nalo nimelilipia: umbo la kipindi halibadiliki hata ishuke gharika, kinachobadilika ni vitu vya ndani. Nyimbo ya kufungulia ileile, mkeka mahali palepale, nyimbo ya kufungia ileile. Mtoto mwenye usonji akikuta leo tumehama chumba, kesho ngoma hakuna kwa sababu mvua, keshokutwa tumeanza kwa mchezo mwengine, akilia na kujipiga kichwa usiseme ni baridi, ni wewe.

Kwanza jina la kazi, na ruhusa

Usijiite tabibu wa muziki. Kwa wenzetu hii ni taaluma ya kusomewa, Marekani digrii yake ilianza 1944 pale chuo cha Michigan State, ikashika kasi kwa ajili ya askari waliorudi vitani, na Uingereza hilo jina lenyewe linalindwa na sheria, hulitumii bila kusajiliwa. Sie ni walimu tunaotumia muziki kumsaidia mtoto asogee, asubiri zamu, aombe anachotaka, atulie. Ukimwambia mama wa watu muziki utamtoa mwanawe mtindio wa ubongo umemdanganya, na atakuja kukudai.

Alafu wazazi. Kuna nyumba muziki hawautaki kwa sababu ya dini na hilo si jambo la kubishana nalo mlangoni kwa mtu. Mie huuliza mapema kabisa, mwanzo wa muhula: "Mama, kwenu mnasikiliza nini, mtoto anachangamkia nini, na kipi hamkitaki?" Mwengine atakwambia dufu na kasida sawa, vya nyuzi hapana. Mwengine atasema sauti na makofi tu. Sawa, sauti na makofi ni zaidi ya nusu ya kazi yote hii, huna ulichopoteza. Andika kwenye daftari, kila mtoto na lake, usije ukamchanganya. Na mama akishaona umemuuliza kwa adabu, mara nyingi mwenyewe ndo anakuja na nyimbo, "mwalimu huyu bibi yake alikuwa akimbembeleza hivi", na hiyo nyimbo ya bibi thamani yake ni kubwa kuliko kibodi.

Jumapili jioni: ngoma

Baada ya alasiri natoa vyombo vyote uani, navipanga juu ya jamvi, nakagua kimoja kimoja. Ngozi ya mbuzi inakunywa unyevu wa hewani, ikishakunywa inalegea, dumbak inatoa sauti ya mtu anayepiga mto. Wapigaji wanaipasha moto kabla ya kupiga na wewe fanya hivohivo. Washa seredani, ngoja mkaa ushike wote uwe mwekundu usiwe na moshi wala ndimi, shika ngoma ngozi ielekee mkaani, mbali kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na uizungushe, usiiache imesimama pahala pamoja. Kila ukihesabu ishirini iondoe, igonge kwa kidole pembeni, sio katikati. Utasikia sauti inapanda, kutoka ile ya puu puu mpaka inaanza kulia ta ta. Ikilia, basi. Usitamani zaidi. Mwaka wangu wa mwanzo mie nilitamani zaidi, tari yangu nzuri nimepewa na mjomba, nikasema bado kidogo, bado kidogo, nikasikia paa, mpasuko kutoka ukingoni mpaka kati kama mtu kachana kanga, na Jumatatu nikaenda skuli na sufuria.

Jua ya kuwa ngoma uliyoipasha Jumapili, Jumatatu asubuhi ishalegea tena, hewa ndo hiyohiyo. Kwa hivo Jumapili ni kukagua na kukausha, kupasha kwa kupigia ni kila siku robo saa kabla ya kipindi, na nje ya darasa. NJE. Usiingize seredani chumbani ufunge madirisha eti watoto wapate joto, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, watu wanalala hawaamki. Kama skuli ina vijisenti nunua tari moja au mbili za ngozi ya plastiki, sauti yake si tamu, mie siipendi, lakini kipupwe chote haikusumbui hata siku moja na inafutika kwa kitambaa.

Vya mbao vilivyogundishwa, udi, fidla, kanuni kama umebahatika, hivi motoni haviendi na juani haviendi, gundi inaachia. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, legeza kidogo, funika. Ndani ya begi tia vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinavuta unyevu, ila vifungie kwenye kisoksi au kitambaa cheupe maana watoto wetu wengine kila kitu kinakwenda mdomoni. Kayamba lianike, mabua yakishika ukungu unalisikia kwa pua kabla ya kuliona. Msewe wa miguuni, ule wa ukindu, uning'inize tu upepo uupite, ukiurundika umelowa utakuta umeoza.

Filimbi na zumari mie msimu huu nazifungia kabatini kabisa. Mafua yanazunguka darasa zima kwa filimbi moja. Ukiwa na mtoto ambaye filimbi ndo kitu chake, basi iwe yake peke yake, ina alama ya uzi wa rangi, na ioshwe kwa maji ya sabuni kila siku.

Usiyekuwa na chombo: chupa ndogo za maji, nusu kikombe cha choroko kavu, mfuniko utie gundi ndo uufunge. Usiache gundi. Kuna siku niliiacha na mtoto akafungua, na choroko puani si mchezo, nilimpeleka kituo cha afya mwenyewe kwa boda na aibu zangu.

Chumba

Hapa watu wengi wanakosea, wanachagua chumba kikubwa. Msimu huu chagua chenye dari. Bati tupu mvua ikipiga humsikii hata aliye mbele yako. Kama hakuna chumba chenye dari, chagua kilichofunikwa na mwembe au chenye jengo jengine upande wa kusini, upepo unatoka huko. Watoto uwakalishe mbali na madirisha ya kusini lakini madirisha ya upande wa pili uyaache wazi, chumba kilichofungwa watoto kumi na nane wanakohoa ndani yake ni kiwanda cha mafua.

Sakafu: mkeka peke yake hautoshi, saruji inapenya. Tia kwanza maboksi yaliyokunjuliwa, alafu jamvi, alafu mkeka. Maboksi unapata bure dukani. Watoto wa mtindio wa ubongo wanaolala chini watafutie sponji, hata kipande. Na kwenye ndoo yenye mfuniko weka kanga nne tano kavu na fulana kubwa kubwa, mtoto akija kalowa unambadilisha kabla hata hujasema naye neno. Hiyo ndo nota ya mwanzo ya kipindi.

Jumatatu: hali za watu

Jumatatu sikimbilii ngoma. Nusu saa ya kwanza nasimama mlangoni nasalimiana na waleta watoto, mama, bibi, saa ingine kaka, na nauliza manne tu: kalala? kakohoa usiku? sikio linatoka usaha? kashikwa na kifafa tangu Ijumaa? Uliza huku unacheka, usiwe kama polisi, lakini majibu yaandike.

Sababu yenyewe ni hii. Mwenye sikoseli, na huku kwetu wapo, baridi na kulowa vinaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa, kwa hivo huyo avae soksi na sweta hata kama wenzake wamevua, anywe maji mara kwa mara, na akisema mguu unauma usimwambie "njoo ucheze utapoa". Mpigie mzazi, aende hospitali. Mwenye pumu chumba chenye ukungu kinambana. Mwenye kifafa, homa inaweza kumleta degedege, akianguka mlaze ubavu, mwondolee vya kugongea kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tizama saa, ikipita dakika tano bado anatetemeka ni hospitali. Mwenye sikio linalotoka usaha hasikii vizuri wiki hiyo, ukidhani kawa mkaidi kumbe masikini hakusikii.

Hayo yakishakwisha ndo nyimbo ya kufungulia. Tunga yako, fupi, isizidi sauti tano, maneno ya kila siku. Yangu mie ni hodi tu. Naimba "hodi, hodi", watoto "karibu", naimba "nani huyo?", alafu nasimama. Mwenye zamu anajibu anavyoweza, kwa jina lake, kwa kupiga mara mbili, kwa kunitizama. Wote wanamwimbia jina lake mara mbili, tunahamia kwa mwengine. Iimbe hivohivo Januari mpaka Disemba, joto na baridi.

Kipupwe baada ya hodi tunatia joto mwili, dakika nane mpaka kumi, na hapa usiruke. Tunasugua viganja mpaka viwe moto na kuvibandika mashavuni. Tunapiga mapaja, polepole, kama mapigo sitini kwa dakika, yani sekunde moja pigo moja, kila baada ya mistari minne tunaongeza kidogo. Mabega juu, mabega chini, pumzi ndefu tunapuliza kama tunapoza uji. Kisha kikombe cha chai ya tangawizi au maji ya uvuguvugu. Ala zinatoka baada ya hapo tu. Vidole baridi vinadondosha vijiti, mtoto akidondosha mara tatu anakata tamaa, na mtoto wetu akikata tamaa Jumatatu unamkuta hivohivo Alhamisi.

Jumanne: mmoja mmoja

Siku hii nachukua watoto wanne, kila mmoja dakika ishirini, wa tano simchukui hata mwalimu mkuu akinibembeleza, mana huyo wa tano anapata kivuli changu tu.

Mtoto wa mtindio wa ubongo mwenye misuli migumu, baridi inazidi kumkaza. Mkono uliofunga ngumi usiufungue kwa nguvu na usiuvute haraka, ukivuta haraka misuli inakujibu kwa kukaza zaidi. Jaza chupa maji ya moto kiasi, ifunge taulo, ijaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono wako mwenyewe, mana mtoto asiyesema hatakwambia unamuunguza, alafu iweke chini ya mkono wake dakika tano huku unaimba taratibu kitu cha kubembeleza. Ngumi ikianza kulegea yenyewe unamtilia kayamba dogo au kitambaa chenye njuga. Mfungie kwa kitambaa laini ikiwa hashiki, usikaze. Unaongoza kutoka kiwikoni, sio kwenye vidole. Na kwa anayejifunza kutembea, mdundo ulionyooka unasaidia miguu ipate mpangilio, tizama kwanza anatembea kwa kasi gani, piga kasi yake hiyohiyo, usimpigie kasi unayoitaka wewe.

Sasa kusubiri. Hiki ndo kitu kigumu kuliko vyote na hakina gharama. Nina mtoto mmoja wa kiume, jina siandiki, miaka tisa, hajasema neno. Muhula mzima nimemwimbia "nani huyo?", nikihesabu mpaka tatu, nne, nikijibu mwenyewe kwa niaba yake. Siku moja ya Juni koo limenikauka, nikaimba "nani huyo?" nikashikwa na kikohozi, nikawa siwezi kuendelea. Kimya. Manyunyu tu nje. Nikaona kidole chake kimoja kinanyanyuka kwenye tari, kinakaa juu, kinakaa, alafu ti, ti. Mara mbili. Ilikuwa ni mimi miezi yote ile niliyemziba mdomo kwa haraka zangu. Sa hivi nahesabu mpaka kumi na mbili kimoyomoyo, na ulimi nimeuuma.

Kitu chengine cha siku ya mmoja mmoja ni karafuu. Ndio, karafuu. Naweka punje chache kwenye kikopo, mtoto asiyeona au asiyeelewa ratiba nampa anuse kila tunapoanza na tunapomaliza, basi pua inamwambia tuko wapi hata kama leo kiza cha mvua kimefanya saa 4 ifanane na magharibi. Ni ya kunusa tu hailiwi, punje zikae chini ya kitambaa kilichofungwa.

Jumatano: kundi, na mvua ya bati

Kundi langu ni watoto kumi na wawili, saba wa kitengo na watano wa darasa la kawaida wanaokuja kwa zamu. Wale watano usiwafanye wasaidizi, wafanye wapigaji wenza, wakijiona wasaidizi wanaanza kushika mikono ya wenzao na kuwapigia.

Natumia mtindo wa kidumbak, ngoma mbili ndogo na ndoo ya besi, sauti moja inaita kundi linajibu. Ukiwa Pemba msewe nao mzuri sana kwa sababu mtoto mwenye mikono mizito ana miguu, unamfunga msewe, akikanyaga tu keshapiga, na miguu inapata moto. Zamu inakwenda na kofia. Mwenye kofia ndo kiongozi, akinyanyua mkono tunapiga, akishusha tunanyamaza. Mtoto ambaye siku nzima anaamrishwa vaa, kaa, kula, leo kanyanyua mkono watu kumi na mmoja wakalia, tizama uso wake.

Alafu mvua. Itakuja, na itakuja katikati. Siku ya kwanza kabisa iliyonikuta nilifanya kosa ambalo kila mtu anafanya, nikapaza sauti. Bati likapiga zaidi, nikapaza zaidi, watoto wawili wameziba masikio, mmoja kajitia chini ya meza, mie mshipa wa shingo umesimama, ndani ya dakika tano hakuna kipindi kuna vurugu tu. Usishindane na bati. Sasa nafanya hivi:

Ikianza tu nanyamaza na kunyanyua kiganja juu, ishara tuliyoifundisha siku za kiangazi, mana yake mvua imekuja kupiga na sie. Wenye kuumia na kelele wanajua pahala pao, kona yenye sponji na mto, wanafunikwa kanga nzito kichwani wakitaka wenyewe, na vile vizibo vya masikio vikubwa kama tunavyo. Tunavyo viwili. Waliobaki tunasogea, magoti yanagusana, tunaanza kuipiga mvua yenyewe: kubwa, kubwa, ngoma, ndoo, miguu, kila mtu kwa kadiri ya bati. Unaanza pale kelele ilipo, sio pale unapotaka iwe, hata wataalamu wa kazi hii wanafundisha hivyo, ukutane na hali ya mtoto kwanza ndo umchukue polepole upeleke unakotaka. Tukishafanana na bati nashusha mkono wangu kidogo, vidole badala ya viganja. Wanashuka. Kucha tu. Wanashuka. Mvua bado inapiga vilevile lakini chumba kimetulia, na mara nyingi yule wa chini ya meza mkono wake unatoka mwanzo, unagonga mguu wa meza.

Yule aliyekuwa akiogopa radi zaidi kuliko wote, nilimpa ndoo yake maalumu, nikamwambia ikipiga nawe mjibu. Radi ikapiga. Kaniangalia. Kapiga ndoo pigo moja kubwa la hasira, alafu akacheka mpaka akakaa chini. Mwaka huu radi ikichelewa anaiita.

Ikiwa mvua imekula kipindi kizima bado unafunga kwa nyimbo ileile ya kufungia, hata kama haisikiki, wanaiona midomoni mwako na mikononi.

Alhamisi: viziwi, na majumbani

Asubuhi ni watoto viziwi. Kwao kelele ya bati haiwakeri sana, ila mwenye mashine ya sikio mvua inakuzwa kama sauti nyengine zote, huyo muulize kama anataka kuizima. Mashine hizo unyevu ni adui, mwambie mama usiku afungue kibetri na aiweke kwenye kopo kavu lenye vile vipakiti vya viatu. Kazi yenyewe ni ya mwili: wakalie benchi refu la mbao, wewe piga mwisho wa benchi, watausikia mdundo kwa makalio na migongo. Ndoo iliyopinduliwa mapajani, puto lililojazwa wakalishika kwa viganja viwili karibu na ngoma, yote inafanya kazi. Wao ndo wapigaji wangu wazuri wa kufuata ishara, si uongo.

Mchana nakwenda nyumba mbili, za watoto ambao msimu huu hawafiki skuli kwa ajili ya matope, vilima vyetu unavijua, kiti cha magurudumu hakipandi. Tari naitia kwenye polo la mchele nafunga mdomo, viatu vya plastiki, na sikai zaidi ya nusu saa. Nyumbani simpigii mtoto, namfundisha mama au bibi kitu kimoja tu cha wiki hiyo, mfano kusubiri mpaka kumi na mbili kabla ya kumpa kikombe. Bibi mmoja alinambia, "Mwanangu, hayo ya kuhesabu mie sijui, nasoma salawat tatu." Zinatosha bibi, zinatosha kabisa.

Ijumaa: daftari na koo

Ijumaa ni fupi, watu wanawahi sala. Nafanya kipindi kimoja cha pamoja, nyepesi, watoto wanachagua wenyewe kwa picha, na saa 5 nimekaa na daftari.

Andika kwa hesabu, usiandike sifa. "Kafurahi sana" haikusaidii kitu baada ya mwezi. Andika "kapiga mara 3 bila kushikwa mkono", "kasubiri zamu 2 kati ya 5", "katoka chini ya meza baada ya dakika 6". Pembeni andika hali ya hewa, mvua, upepo, jua. Mie nilipofanya hivyo miezi mitatu ndo nikagundua mtoto mmoja niliyemwita mvivu anashindwa siku za asubuhi ya baridi tu, saa 4 jua likishatoka anapiga vizuri, nikamhamisha saa, kazi imekwisha. Na video, hata wakikuomba, usitume kwenye magrupu. Hata ukificha uso, kijiji kinamjua mtoto kwa kanga ya mama yake.

Koo lako nalo ni ala. Kuanzia Jumatano jioni mie sipigi kelele nyumbani, maji ya uvuguvugu na asali, na sinong'oni, watu wanadhani kunong'ona ni kupumzisha sauti kumbe kunong'ona kwa nguvu kunaichosha vilevile. Sauti ikishakwaruza zaidi ya wiki mbili nenda ukaonwe. Kipindi ambacho huna sauti kabisa tumia mikono, watoto wanaizoea ishara haraka kuliko sie.

Kabla hujafunga mlango toa vijiti uvifute, kanga zilizolowa zipeleke nyumbani usiziache kwenye ndoo mpaka Jumatatu zitanuka, maboksi ya sakafuni yasimamishe ukutani yapumue. Ngoma zining'inize kwa kamba kwenye ukuta wa ndani, sio ule wa nje unaopigwa na mvua, ngozi zisitizame ukuta. Na mkaa tizama kama umebaki, Jumapili saa 10 duka la jirani linakuwa limefungwa.